Na Wengine Wote Popote Walipo

Mwezi uliopita Neema, binti wa jirani yangu hapa Buhongwa, alikuja kunisalimia akiwa na sura ya mtu aliyelala njaa. Anasoma uandishi wa habari chuoni huko Nyegezi na alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika kituo kimoja cha redio mjini. Nikamuuliza kazi inaendaje.

"Babu, mwezi wa kwanza ilikuwa raha," akasema. "Sasa hivi inaboa. Kila siku yaleyale. Labda hii kazi siyo yangu."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Miezi miwili! Mimi nimesoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka ishirini na sita. Nikamwambia Neema akae, na yale niliyomwambia nimeona niyaandike, kwa sababu naona vijana wengi siku hizi kazi ikianza kuwachosha wanadhani wamekosea njia. Kazi zote zinachosha. Uchovu huo unaingia kama vumbi linavyoingia kwenye nyumba zetu hizi za kando ya barabara ya Shinyanga: umefunga madirisha, umeweka na pazia, lakini ukipitisha kidole mezani unalikuta. Mimi nina haki ya kulizungumzia jambo hili, maana lilipoingia kwangu nilikaa nalo miaka mingi bila kufuta meza.

Kwa mliozaliwa simu zikiwa tayari mkononi, nieleze kidogo ilivyokuwa, na kwa sehemu nyingine ilivyo mpaka leo. Mtu akifariki, familia inamtuma mmoja wao kituoni na karatasi. Juu kuna jina la marehemu, alikofia na atakakozikwa. Chini kuna orodha inayoanza na maneno "habari ziwafikie", kisha majina: fulani wa Magu, fulani dereva wa Kahama, fulani aliyeko Ukerewe. Tulikuwa tunasoma mara mbili kwa siku, mchana kabla ya taarifa ya habari na jioni, ila kila karatasi ilisomwa mara moja tu. Saa hiyo watu waliokuwa wakibishana walinyamaza, na walevi wakanyamaza nao. Msichokijua ni kwamba wengi walisikiliza ili wasitajwe. Tangazo likipita bila jina lako, ulijua kwenu wako salama, ukaendelea na ugali wako.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Leokadia, Mjita, mwembamba, mkali, wa kuvaa sweta hata jua likiwa linapasua mawe ya Mwanza. Alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao hakuuvunja. Hakusoma karatasi ambayo hakuipokea kwa mkono wake. Studio yetu ilikuwa ghorofani na mapokezi yalikuwa chini, kwa hiyo kila karatasi ilipoletwa alishuka ngazi, akakaa na mfiwa kwenye benchi, akampa pole, halafu akaanza kuuliza. Hili jina nyumbani mnalitamkaje? Huyu ni "wa" Sengerema au "aliyeko" Sengerema, maana wa Sengerema anaweza kuwa Dar. Hawa wawili wenye jina moja ni baba na mtoto au ni mtu yuleyule mmemrudia? Akiuliza alikuwa anaweka alama kwa penseli, kijimstari pale pa kuvuta pumzi na duara kwenye jina gumu.

"Mahubiri ya padri watayasahau," aliniambia. "Ila jina la baba yao ukilikosea, hawatakusahau."

Siku yangu ya kwanza hewani niliwatangaza marehemu watano. Wa mwisho alikuwa mtoto wa darasa la pili. Nilimaliza nikatoka, nikaegemea ukuta wa korido nikalia. Mama Leokadia akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. "Ukishatoka hewani lia unavyotaka," akasema. "Mle ndani hapana, karatasi zinalowa." Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Makosa ya wakati ule yalikuwa ya woga, na makosa ya woga yana kelele, yanajulikana siku hiyohiyo. Mwezi wangu wa tatu nilichanganya jina la marehemu na jina la mleta taarifa. Mzee mzima aliyekuja kutangaza kifo cha shemeji yake nikamtangaza yeye. Alikuwa bado yuko mjini, anakula wali kwa mama ntilie karibu na stendi, redio ikamtaja. Alirudi kituoni akihema, tonge bado liko shavuni.

"Kijana, naomba unifufue sasa hivi," akasema. "Nyumbani wameshaanza kulia."

Tulimfufua hewani mara tatu. Hata hivyo ukoo wa mkewe ulikuwa umeshaanza safari, na walipofika wakamkuta hai ilibidi awachinjie, kwa sababu huwezi kurudisha watu waliokuja kukulilia bila kuwapa chakula. Baadaye alituandikia barua ya kushukuru. Alisema angalau sasa anajua ni nani kati ya jirani zake hakuja.

Makosa yaliyokuja baadaye, nikiwa mzoefu, hayakuwa na kelele. Siwezi kuwatajia siku kazi ilipoanza kunichosha, maana siku hiyo haikuwepo. Ninachokumbuka ni mchana mmoja nikiwa natoka studio, mtu akaniuliza yule mama uliyemtangaza wa pili anazikwa lini, nikagundua simkumbuki. Nilikuwa nimesoma nusu saa nzima huku nawaza mabati ya nyumba yangu. Sauti ilikuwa inakwenda yenyewe, nzuri tu, na majonzi yake mahali pake. Nilijisikia vibaya siku ile. Mara ya pili ilipotokea sikujisikia chochote.

Halafu Mama Leokadia akastaafu, akarudi kwao Majita. Wiki chache baadaye goti liliniuma, nikamwomba Mariamu wa mapokezi awe ananipandishia karatasi juu. Goti likapona, karatasi zikaendelea kupandishwa. Kisha nikaacha kuzisoma kabla ya kuingia hewani, kwa sababu zote zilikuwa zinafanana, marehemu tu ndiye anayebadilika. Penseli ilikaa kwenye droo mpaka sikujua iko wapi. Na jambo la ajabu, kipindi hichohicho ndipo watu walipoanza kunisifu. Waliniita mkongwe. Mkurugenzi aliwaleta vijana wapya wasimame nyuma ya kioo wanitazame ninavyosoma. Ukishafika hapo hakuna wa kukuambia kitu, na wewe mwenyewe unaona uvivu wako ni ufundi.

Kilichonimaliza ni orodha. Zamani karatasi ilikuwa na majina sita au saba. Baadaye familia zikaanza kushindana. Majina thelathini, arobaini, yakiwemo ya wakubwa ambao walikuwa na habari tangu asubuhi na wengine hata hawamjui marehemu, wamewekwa ili wasikilizaji wajue msiba huu una watu. Nikaanza kupunguza wakubwa. Hakuna aliyelalamika. Nikapunguza na wengine. Kisha nikapata maneno yangu, nikiri kwamba niliyapenda: nilisoma majina kumi au kumi na mawili, nikashusha sauti taratibu, nikasema, "na wengine wote popote walipo." Ilipendeza kweli. Kulwa, fundi mitambo wetu, alikuwa ananiinulia kidole gumba nyuma ya kioo. Tulimaliza kipindi dakika nane kabla ya muda, tukapiga muziki wa ala mpaka taarifa ya habari.

Msidhani nawaambia haya kwa sababu nilipata dawa. Miaka yangu ya mwisho kazini niliisoma karatasi yote, jina la kwanza hadi la mwisho, na ilinichosha kuliko zamani. Nilijitafutia mbinu ndogondogo, na hizi chukueni kama zitawafaa. Nilisoma nikiwa nimesimama, maana ukikaa mwili unadhani umepumzika. Jina la kila anayepewa habari nililipa uso, hata wa uongo: huyu ana ndevu, huyu anatwanga, huyu yuko dukani anampimia mtu sukari. Nilibadilisha saa na mwenzangu wa jioni kila baada ya miezi michache, na nilirudi kushuka ngazi kupokea karatasi mwenyewe, goti lisiseme neno. Zilikuwa ngazi kumi na nne. Kuna siku nilizishuka nimenuna kabisa, lakini nilishuka, na sababu ya kushuka ni mtu mmoja anaitwa Masalu.

Alikuja asubuhi, miaka miwili kabla sijastaafu. Mariamu alinipigia simu ya ndani akasema kuna mtu anamtaka msomaji na hataki kupanda juu. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, benchi liko wazi. Alikuwa na umri kama wa mwanangu wa kwanza, koti lake linanuka dagaa na moshi.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Karibu ukae."

"Nitasimama. Wewe ndiye Deusi wa matangazo ya vifo?"

"Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Masalu. Kwetu Misungwi, ila navua visiwani huko Ukerewe. Wiki mbili zilizopita ulimtangaza mama yangu, Minza."

Nikampa pole. Akaitikia kwa kichwa, halafu akanieleza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake kwenye boti njia nzima. Kambi yao iko upande wa kisiwa ambako simu haishiki mpaka upande mwamba, na hata ukiupanda ni bahati. Wao ni wavuvi wa dagaa, usiku wako majini na mchana wanalala. Kwa hiyo mpishi wa kambi ndiye anayesikiliza redio kwa niaba ya wote. Akisikia jina la mtu wa kambi anakwenda kumvuta mguu.

"Mama zetu yeye hawajui," akasema. "Akina Minza wako wengi Usukumani. Yeye anasikiliza majina yetu sisi. Siku hiyo alisikiliza mpaka mwisho, na jina langu halikutajwa. Nililala mpaka jioni."

Habari alizipata siku ya nne, na aliyemletea ni mtu wa boti ya mizigo aliyempa pole akidhani anajua. Alipofika Misungwi mama alikuwa ameshazikwa na watu wa msiba wameanza kupungua. Aliyeandika karatasi ni dada yake, Kabula. Mwaka uliotangulia walikuwa wamegombana: Kabula alitaka aache uvuvi arudi kukaa na mama, Masalu akakataa, na tangu hapo hawakuwa wanazungumza.

"Nilijua ameniruka makusudi," Masalu akasema. "Nikamwambia pale msibani, mbele ya wazee na mbele ya watoto wake. Nikamwambia kuanzia leo mimi sina dada. Nikamwambia na mengine. Yeye anaapa kwamba aliniandika. Sasa nimekuja kuiona karatasi. Jina langu likiwepo, nitajua la kufanya. Lisipokuwepo, Misungwi sirudi tena, na watoto wake wasinijue."

Mariamu aliacha kuandika alichokuwa anaandika, akanitazama. Yeye ndiye aliyekuwa ananipandishia zile karatasi, na redio ya mapokezi ilikuwa wazi kila siku. Alijua nilivyokuwa nasoma.

Sasa niwaambie ukweli. Karatasi tulikuwa tunazihifadhi kwenye boksi chini ya ngazi, na baada ya muda tunazichoma. Ningemwambia Masalu zimeshachomwa, nani angejua? Nilikuwa nimebakiza miaka miwili. Nilimwambia anisubiri, nikaenda kwenye boksi huku naomba nisiikute. Niliikuta haraka tu, ilikuwa karibu na juu. Ni karatasi ya daftari la shule, mwandiko wa mtu aliyesoma kidogo lakini kwa bidii, kila herufi imesimama peke yake. Majina yalikuwa thelathini na moja. Jina la Masalu lilikuwa la mwisho, na chini yake Kabula alikuwa ameandika mistari miwili ya maneno, akayapigia mstari kwa chini kuyakazia. Nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Niliisoma nikiwa nimeinama chini ya ngazi, na sikutaka kunyooka.

Kuna dakika niliikunja nikaiweka mfukoni. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Kisha nikaitoa, nikarudi, nikampa.

Masalu aliisoma kwa kidole kuanzia juu, jina la mama yake kwanza, bila kuruka hata moja. Ilichukua muda mrefu. Alipofika mwisho kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti ndogo yale maandishi ya chini:

"Huyu wa mwisho tunaomba asomwe mara mbili. Nimemweka mwisho ili asipotee katikati ya wengine. Mchana huwa amelala."

Mariamu aliinuka akaenda dirishani.

"Wewe ulifika wapi?" Masalu akaniuliza.

Nikamwonyesha jina la kumi na mbili. "Hapa."

"Kwa nini uliishia hapa?"

"Nilichoka."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilichoka tu kusoma."

"Muda uliisha?"

"Muda ulibaki," nikasema. "Tukapiga muziki."

Alinitazama, na ningependa niwaambie alikasirika, ningeona nafuu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kuelewa mashine. Kisha akakaa kwenye benchi, karatasi iko magotini, akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Nimemtukana dada yangu," akasema. "Sasa nitamwambia nini? Hata nikimpigia hatapokea."

"Nitamwambia mimi. Mimi ndiye nimefanya."

Alinitajia namba kwa kichwa. Nikapiga kwa simu ya mapokezi, ile ya mezani ambayo kipaza sauti chake kilikuwa kinasikika chumba kizima. Ikaita mara nyingi. Mwanamke akapokea.

"Naongea na Kabula wa Misungwi?" nikauliza.

Nikasikia kuku, na mtoto akikohoa. Halafu sauti yake ikaja chini sana.

"Wewe ni yule wa redio. Nani tena?"

"Hapana, dada, hakuna aliyefariki. Hakuna," nikasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi maneno yalinikatikia mdomoni. Nilianza sentensi tatu bila kuzimaliza. Mwisho nikasema, "Ile karatasi ya mama yako. Uliomba kaka yako asomwe mara mbili. Mimi sikumsoma hata mara moja. Niliacha kusoma njiani kwa uvivu wangu, na wewe hukukosea kitu. Anayo karatasi mkononi, ameiona."

Nilisubiri anitukane. Hakunitukana.

"Yuko hapo?" akauliza.

"Yuko."

"Mpe simu."

Nikampa Masalu mkonga wa simu. Aliushika kwa mikono miwili, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye koti na hakuyafuta. Kipaza sauti cha simu ile kilikuwa wazi, kwa hiyo mimi na Mariamu tulimsikia dada yake akimwita.

"Masalu?" akaita, akasubiri. "Masalu?"